Ukuta wa Nne wa Chumba cha Samaki

Mama Régine alifariki mwezi uliopita, na aliyenipigia simu kunijulisha ni Sylvain, mpwa wake. "Ingénieur, tantine alishakufa. Kuya, tunakungoya." Nilipanda gari kutoka Lubumbashi nikafika Likasi mchana, nikakuta viti vya plastiki vimepangwa uani na akina mama wameketi juu ya mikeka sebuleni, miguu imenyooshwa, wakisimuliana jinsi marehemu alivyowagawia vichwa vya samaki wakati wa njaa. Sylvain siku hizi ana upara na ni mzee wa kanisa la maombi. Alinishika mkono mbele ya watu wote, akaniletea glasi ya munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwa mikono miwili, akasema, "Uyu njo mwenye alitengenezaka chambre froide ya samaki ya tantine. Bila yeye, mwaka ile tungekufa na njala." Watu wakanishukuru. Nilikunywa munkoyo wote, nikasema ahsante. Tangu siku hiyo nimetunga majibu kumi na moja ambayo ningeweza kumpa, mengine marefu, mengine ya neno moja, nikayapima kama nilivyokuwa nikipima kila kitu nilipokuwa kijana. Hakuna hata moja lililonijia nikiwa pale na glasi mkononi. Kwa hiyo naandika.

Mwaka wenyewe ni wa tisini na mbili, kuanzia mwisho wa baridi hadi mvua za kwanza. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya kemia, na Kampuni ya shaba, ambayo sote tulisoma kwa ajili yake, ilikuwa haiajiri tena mtu. Hata waliokuwamo walikuwa wanasahau rangi ya mshahara. Nilipanga chumba mtaa wa Kikula chenye dirisha lililotazama jiko la jirani, na kazi yangu ilikuwa kuwaza. Niliwaza jambo mpaka likapoteza umbo. Siku Mama Régine aliponiita kwake mtaa wa Panda, nilipita mbele ya lango lake mara tatu kabla ya kubisha, nikipanga nitasalimia vipi, na nitasema nini akiniuliza uzoefu. Hakuniuliza. Alinipeleka moja kwa moja hadi kwenye mapipa mawili yaliyofunikwa gunia, akaniambia, "Batu banasema iyi maji mbili ukichanganya inavimba sawa mukate. Weye ulisoma. Soma."

Alikuwa mfanyabiashara wa samaki wa barafu, wale tomson waliokuwa wakiliwa na watu wa Likasi yote hadi Kakanda. Mwaka uliotangulia wanajeshi walipora duka lake mjini. Walibeba samaki, mizani, hata milango ya friji, na mashine ya baridi ikabaki kwa sababu ilikuwa nzito. "Sirudie tena ku ville," alisema. "Samaki italala na minye mu nyumba." Nyumba yake ilijengwa wakati wa Wabelgiji, kwa ukuta wa matofali wa tabaka mbili wenye uwazi wa vidole vinne katikati. Chumba cha pembeni alitaka kiwe cha baridi, na ili baridi isitoroke ilibidi uwazi ule ujazwe povu, lile linalovimba na kugeuka gumu kama mkate uliokauka. Mapipa yalitoka kwenye ghala la samaki lililofungwa, na pamoja na mapipa alitoka mtu.

Mtu huyo ni Papa Kabeya. Alikuwa na miaka hamsini hivi, mtulivu, na viatu vyake vilikuwa na vidonda vya povu la zamani lisilobanduka. Alikuwa amejaza kuta za maghala maisha yake yote. Alizaliwa Panda hapohapo. Baba yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Na mwaka ule, kuwa na baba wa namna hiyo kulitosha. Vijana wa jeunesse, wa chama kilichosema Katanga ni ya Wakatanga, walikuwa wanapita mitaani na filimbi, wakiwatoa Wakasai ndani ya nyumba, wakiwaita bilulu, yaani wadudu. Waliotolewa walikwenda kulala kwenye gare, stesheni ya treni, maelfu yao, chini ya maturubai, wakingoja treni ambayo haikuja. Jina la Kabeya lilimsaidia, kwa kuwa wanalo Waluba wa Kasai na wa Katanga vilevile, na Mama Régine alimwambia kila aliyeuliza kwamba fundi wake ni wa Kabongo, Mkatanga safi. Mke wake, Mama Ngalula, na watoto watatu walikuwa tayari gare, na mdogo alikuwa anakohoa. Papa Kabeya angekuwa nao, ila Mama Régine alikuwa amemwahidi kitu. Lori litakaloleta samaki wa kwanza, likishashusha mzigo, lingewachukua wote watano hadi Mwene-Ditu, ndani ya Kasai. Lori lisingekuja mpaka chumba kiwe tayari. Kwa hiyo kila tundu tulilotoboa lilikuwa hatua moja ya watu hao watano kutoka Likasi wakiwa hai, nami nililijua hilo tangu siku ya kwanza.

Siku ya kwanza hiyohiyo jeunesse walikuja nyumba ya ng'ambo ya barabara, kwa mwalimu mmoja ambaye asubuhi alikuwa amenisalimia kwa Kifaransa. Mawe yalianza juu ya bati, moja moja, kisha kama mvua. Nilisimama dirishani na patasi mkononi. Walimtoa mkewe kwa nywele. Walitoa cherehani, godoro, sufuria yenye maharage bado yanachemka, na kijana mmoja akala maharage yale kwa mkono akijiunguza na kucheka. Mwalimu walimpiga kwa cheni ya baiskeli mpaka shati lake likaingia ndani ya mgongo, kisha wakaketi kwenye ngazi yake wakanywa bia yake, naye akiwa chini kati ya miguu yao. Papa Kabeya hakusogea dirishani. Aliendelea kugonga patasi. Mama Régine akaingia akaninong'oneza, "Endelea kugonga, Ingénieur. Mukisimama batajua munaangalia." Nikagonga. Nilijiambia kwamba kugonga kwangu kunamfunika mwalimu asisikie kilio chake mwenyewe. Mawazo ya namna hii yalinijia kwa urahisi sana wakati ule.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unatoboa matundu kwenye saruji kati ya matofali, mstari wa chini kwanza. Unachukua kopo moja la maji ya kahawia na kopo moja la maji ya manjano, unamimina kwenye ndoo, na mtu mmoja anakoroga kwa kijiti kwa nguvu huku akihesabu. Yakishageuka rangi ya maziwa na kupata joto, mwenzake anayapokea na kuyamwaga tunduni kwa mpare, yaani faneli, haraka, kabla hayajavimba. Ukiwahi, hayashiki, ukichelewa, yanakuwa jiwe ndani ya ndoo. Ukimwaga mengi mno, ukuta unapasuka. Lazima wawe wawili. Papa Kabeya alikoroga na kuhesabu hadi kumi mara mbili, kwa Kifaransa kama walivyozoea ghalani, nami nikamwaga. Kwenye ukuta wa pili povu liliwahi, likateremka kama uji, tukaongeza jingine, na tofali moja likaruka nje. Sikulala vizuri. Nilijaza kurasa nne za daftari. Asubuhi nilikuwa nimegundua kosa: filimbi zikilia barabarani, Papa Kabeya alihesabu mbio bila kujua.

"Papa, mu Français unakimbia," nilimwambia. "Hesabu mu luga ya mama yako. Ile mutu haikimbie nayo."

Alinitazama, kisha akatazama dirisha. "Lelo, Ingénieur?"

"Juu ya ukuta, Papa."

Akaguna. "Basi. Pole pole." Na akahesabu Kiluba cha Kasai, ambacho hesabu yake si ile ya Katanga, kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto. Povu likapanda sawasawa. Nilifurahi. Niliandika katika daftari kwamba tatizo limetatuliwa. Mimi niliyeweza kuwaza kutwa nzima juu ya salamu sikuwaza dakika moja juu ya hilo.

Mchana tulikula mezani kwa Mama Régine, bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na siku nyingine vichwa vya samaki wa mwisho waliobaki kwa jirani mwenye friji. Sylvain alikula nasi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na alikuwa jeunesse. Filimbi yake aliiweka kando ya sahani kama mwingine anavyoweka kijiko. Alimpenda Papa Kabeya. Utotoni Papa alikuwa amemshonea mpira wa mabaki ya turubai, na bado Sylvain alimpisha kunawa kwanza. "Ingénieur," alinitania, "unajenga friji ao kaburi? Siku kumi mu chumba moja!" Papa akamjibu, "Weye kula. Mutu wa njala haiulizake ukuta." Wote wakacheka. Kisha Sylvain, bado mdomo umejaa, akaeleza walivyomshika mzee mmoja karibu na Kamatanda aliyejificha ndani ya pipa tupu, na walivyolibingirisha pipa kilimani naye akiwemo. Alieleza kama mtu anayeeleza mechi. Papa Kabeya alifinyanga tonge lake, akalichovya, akalila. Nami nikafinyanga langu. Nimejiuliza miaka mingi kama Sylvain hakujua. Nadhani alijua kwa namna ile mtu anavyojua kitu alichokubaliana na nafsi yake asikiangalie.

Ukabaki ukuta wa nne, unaotazama barabara. Kuta tatu tulizitoboa kwa ndani. Huu wa nne niliamua tutoboe kwa nje, kwa sababu nilihesabu kwamba kila tundu la ndani ni njia ya joto. Papa Kabeya alisema, "Tundu tunazibaka na mousse yenyewe, ile povu, Ingénieur. Miaka makumi mbili tunafanya vile." Nilimfungulia daftari nikamwonyesha ukurasa. Aliutazama muda mrefu, ukurasa asioweza kuusoma, akasema, "Weye njo ulisoma." Akabeba ndoo nje.

Ilikuwa saa tisa za mchana, jua kali. Nilipanda juu ya kigoda na mpare. Yeye chini, mgongo kwa barabara, anakoroga. Mimi ndiye niliyewaona. Walikuwa saba, wanatoka upande wa Kikula, wananuka pombe kali ya lutuku tangu mbali, na Sylvain katikati yao akipuliza filimbi. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kuangusha mpare. Lakini maji yalikuwa yameshachanganyika, na nilichofikiri, naandika kama kilivyokuwa, ni kwamba akisimama sasa ndoo hii itapotea. "Itanu," akasema Papa Kabeya. "Isambombo. Muanda mutekete." Filimbi ikakatika.

"Papa Kabeya," akaita Sylvain.

"Eee, mwana."

"Tantine alisema weye ni wa Kabongo."

"Njo vile."

"Ku Kabongo banahesabuka vile?"

Papa Kabeya aliendelea kukoroga, maana mkono ulikuwa katikati ya kazi. Mmoja mwenye cheni akaanza kucheka akimpiga Sylvain mgongoni. "Sylvain! Kilulu inakulaka na weye ku meza moja! Inakunawishaka na mikono!" Wengine wakapokea: Sylvain mwana wa kilulu, Sylvain mukwe wa kilulu. Niliona uso wake ukibadilika. Mpaka hapo nadhani angeweza kupita. Baada ya kicheko kile hakuweza, au alidhani hakuweza, na kwa Papa Kabeya hakukuwa na tofauti.

Walimpiga teke nyuma ya goti akaanguka. Sylvain alichukua ndoo akanipa mimi. "Mumwangie mu kichwa. Tuone vile inavimba." Nilikuwa juu ya kigoda, ndoo imepata joto mikononi mwangu, maji yamegeuka maziwa. Nilijua kinachotokea povu hilo likigusa ngozi, linavyoshika nywele, kope, pua, linavyokauka. Nikaanza kusema. Nilisema haijakuwa tayari, nikasema lazima kwanza ipoe, nikasema juu ya uzito, juu ya joto, juu ya hewa iliyomo, maneno ya darasani, ya Kifaransa na ya Kiswahili, moja likisukuma lingine. Wakati nasema, povu lilipanda, likafika ukingoni, likatokeza juu ya ndoo kama kichwa, na wale vijana saba wakalitazama kwa midomo wazi. Likasimama. Sylvain akaligusa kwa kidole. "Inakuwa jiwe!" Wakacheka. Kwa kitambo kidogo walikuwa vijana tu wanaotazama ajabu. Sijui hadi leo kama nilifanya vile kwa ujasiri au kama ilikuwa tu tabia yangu ya kutomaliza sentensi.

Halafu mwenye cheni akaokota nondo yetu ya kutobolea. "Mikono yenye kukoroga," alisema. Walimnyoosha Papa Kabeya mikono juu ya ngazi ya saruji, wawili wakakalia mabega, na wakampa Sylvain nondo ili aanze yeye. Alipiga kwa nguvu zote, mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo. Mlio wa mfupa ulikuwa mdogo, kama wa ukuni mbichi ukivunjika. Papa Kabeya hakulia mara ya kwanza. Alisema "Sylvain," kama mtu anayeuliza. Mara ya pili alilia. Wakapokezana. Mkono wa kushoto ulivunjika pawili, mfupa ukatoka nje mweupe, safi, na damu ikaja baadaye. Mmoja alimpiga usoni kwa kisigino mpaka jicho likafunga. Nilikuwa bado juu ya kigoda nimeshika ndoo. Hakuna aliyenizuia kushuka.

Mama Régine alitoka na mwiko wenye bukari. "Hapana mu parcelle yangu!" alipiga kelele. "Hapana damu ku mulango yangu! Mumupeleke ku gare!" Na kwa sababu alikuwa mkubwa, na kwa sababu walikuwa wamekula kwake, wakamsikia. Walimtupa ndani ya toroli letu la mchanga wakamsukuma kwenda gare, wakipuliza filimbi, na njia nzima watu walitoka malangoni wakimpiga kwa chochote walichokuwa nacho. Mwanamke mmoja alimpiga kwa ndala.

"Nilimuokoa," Mama Régine aliniambia. "Uliona, Ingénieur? Bangemuua. Nilimuokoa." Alisema kweli. Kisha akatazama ukuta. "Lori inafika kesho kutwa. Inabakia nusu." Nilisema kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Akasema, "Sylvain atakuya."

Alikuja kesho yake asubuhi, ameoga, shati jeupe. Alisimama mbele ya ndoo mpya kama mwanafunzi. "Ninakoroga namna gani?" Nilimwonyesha. Alihesabu kwa Kifaransa, kwa sauti kubwa, akinitazama. "Ninakimbia?" aliuliza. "Hapana," nikasema. "Iko sawa." Na ilikuwa sawa. Tulijaza ukuta ule hadi juu kabla ya jua kuzama, na ngazi ilikuwa imeshasuguliwa kwa sabuni.

Lori lilipofika na chumba kikaanza kuvuta baridi, nilimuuliza Mama Régine juu ya Mama Ngalula na watoto. Alikuwa anapanga makasha. "Kila barrière ya ku barabara iko na vijana," alisema, "na sasa Sylvain anajua, bote banajua. Bakikuta Bakasai mu lori yangu batachoma lori, batakuya kuchoma na nyumba. Unataka vile?" Nimepitia hesabu yake mara nyingi kutafuta kosa. Sikulipata. Lori lilirudi kusini tupu. Alinifungia samaki sita wa kukaanga kwenye karatasi niwapelekee.

Treni ilikuwa imefika. Watu walikuwa ndani ya mabehewa ya mizigo tangu alfajiri, wengine juu ya paa, wamejifunga kamba. Pembeni mwa reli kulikuwa na makaburi mafupi mapya. Nilimkuta Papa Kabeya kwenye sakafu ya behewa, ameegemea masanduku, mikono imefungwa kwa vipande vya boksi na vya kitenge, imevimba na kuwa myeusi, jicho moja limefunga. Mama Ngalula alikuwa amempakata mdogo aliyekohoa. Alipokea samaki bila kunitazama, akawapa watoto, akaninyooshea mmoja nimlishe mumewe, kwa kuwa mikono yake yeye ilikuwa imeshika mtoto. Nikachambua miiba, nikamwekea mdomoni vipande vidogo. Watu wote watano walikuwa hai treni ilipoondoka jioni ile. Kama walifika, sijapata kujua. Nimeuliza, lakini sikuuliza sana.

Alitafuna muda mrefu. Njiani nilikuwa nimetayarisha ya kumwambia: juu ya lori, juu ya daftari, juu ya kukohoa ambako sikukohoa. Yeye akauliza jambo jingine.

"Ukuta ulimaliza?"

"Nilimaliza, Papa."

"Nani alikorogaka?"

"Minye peke yangu," nikasema. Hilo sikuwa nimelitayarisha.

Alinitazama kwa lile jicho moja, bila hasira, kama fundi anavyotazama kazi ya mwanafunzi wake. "Mutu mumoja hawezi," alisema. Mama Ngalula akainua uso akanitazama kwa mara ya kwanza. Nikabaki na kipande cha samaki kati ya vidole.

"Unisalimiye mwenzako," akasema Papa Kabeya, akafungua mdomo.